Toleo la Kumi na Tisa

Kitabu cha kwanza niliachiwa na askari. Ilikuwa mwaka 1979, niko darasa la sita, na magari ya jeshi yalikuwa bado yakipita Omurushaka kwenda mpakani na kurudi. Mama alikuwa amenituma kuuza ndizi mbivu kando ya barabara. Askari mmoja aliyekuwa ameketi nyuma ya lori alichukua kichane kizima, akala nne palepale, kisha akanipa kitabu alichokuwa akisoma.

"Nimeshakimaliza," alisema. "Unajua kusoma?"

Nikamjibu kuwa najua.

"Basi soma. Usikiwashie moto."

Kilikuwa kitabu chembamba cha hadithi za picha, kimechapwa Nairobi. Mimi ni mtoto wa kijiji cha Ndama. Nyumbani tuliongea Kinyarwanda, kwa majirani Kinyambo, na Kiswahili kilikuwa cha shuleni, kwa hiyo nilikisoma kwa kidole, neno kwa neno, nimejificha kwenye kibanja chetu kati ya migomba ili nisitumwe maji. Humo alikuwamo fundi wa reli aliyepigwa na umeme, na tangu siku hiyo kiganja chake cha kulia kikawa kinazuia kitu chochote kinachokwenda. Akiinua mkono, treni inasimama. Mto unasimama. Lakini kila alipozuia kitu, yeye mwenyewe alisahau kitu kimoja. Alizuia treni, akasahau mtaa aliozaliwa. Alizuia risasi, akasahau ladha ya chumvi. Hilo ndilo lililonishika. Nilikuwa nimezoea hadithi ambazo mwenye nguvu hapungukiwi na kitu, na huyu alikuwa akipungua ukurasa hadi ukurasa, na hakuacha.

Kitabu kile kilikuwa toleo la sita. Nyuma yake paliandikwa kuwa la saba litatoka mwezi ujao. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa siku zile, na hata ungekuwa wazi, sijui nani angeleta kitabu cha picha Ndama. La saba nililipata miaka mitatu baadaye, nikiwa sekondari, kutoka kwa msichana tuliyelala naye bweni moja. Nilimpa sketi yangu ya pili. Mengine niliyapata kwa vipande. Karatasi zilikuwa adimu, na wenye maduka walifungia chumvi na karanga kwa chochote chenye kurasa. Nilizoea kuingia dukani na kutazama rundo la karatasi za kufungia kabla ya kutazama bidhaa. Toleo la kumi na mbili nililiokoa hivyo, likiwa limebakiwa na kurasa zote isipokuwa mbili.

Mwaka 1986 nilipangiwa kufundisha shule ya msingi Ihembe. Nilikuwa na vitabu kumi na kimoja, vimelala kwenye sanduku la bati pamoja na majani makavu ya tumbaku ya kufukuza wadudu. Sikumwonyesha mtu. Mwalimu wa kike mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, anayesoma picha za mtu anayezuia treni, angechekwa na walimu wenzake kabla hata ya wanafunzi.

Aliyekuja kugundua alikuwa bwana shamba wa eneo letu. Alikuwa mzee wa miaka hamsini hivi, Mhaya wa Muleba, Mlutheri, mwimbaji wa sauti ya nne kanisani, mwenye pikipiki ya serikali na kofia aliyoivua kila alipoingia nyumba ya mtu. Alikuja shuleni kukagua shamba la kahawa la wanafunzi. Siku hiyo nilikuwa nimeacha kitabu kimoja chini ya daftari la mahudhurio, na ukingo wake ulikuwa umechungulia. Alisimama mezani kwangu, akautazama ule ukingo mwekundu, akauliza kwa sauti ya chini:

"Namba ngapi hiyo?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilimjibu ni ya kumi na nne.

"Mimi sina ya kumi na nne," alisema. "Nina ya kumi na tano mbili."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa sebuleni kwake. Mkewe aliniletea chai na karanga, na bwana shamba akaziondoa karanga mezani kwa sababu zina mafuta. Alinifundisha kunawa na kukausha mikono kabla ya kugusa, kushika kitabu kwa kingo, kukifungua nusu tu ili mgongo usivunjike. Alikuwa na vitabu ishirini na sita, vingine vya mfululizo wetu, vingine vya mashujaa ambao sikuwajali. Vyote vilikuwa ndani ya mifuko ya nailoni iliyozibwa juu kwa mwali wa mshumaa, na ndani ya kila mfuko palikuwa na kikaratasi chenye tarakimu.

Alinieleza kuwa mtaalamu mmoja wa kigeni, waliyefanya naye kazi ya kahawa, ndiye aliyemwambia kuwa kwao vitabu vya picha hupangwa madaraja kama kahawa inavyopangwa. Kwa kahawa aliijua kazi hiyo hata usingizini. Alimwaga punje kwenye kitambaa, akahesabu zilizovunjika, zilizotobolewa, nyeusi, zenye ukungu. Kwa vitabu alifanya vilevile. Kunjo moja, alama moja imekwenda. Doa, tundu la mdudu, kutu ya pini, jina la mtu lililoandikwa kwa kalamu. Kumi hakuwahi kutoa. Alisema kumi ni kitabu ambacho hakijaguswa na mtu, na kitabu kisichoguswa na mtu yeye hajawahi kukiona.

Ihembe nzima ilimwamini mzee yule. Wakulima walisimulia jinsi alivyoikataa kahawa ya shemeji yake mwenyewe, mbele za watu, kwa sababu haikukauka. Kwa hiyo alipochukua vitabu vyangu kumi na kimoja na kuvipitia kimoja kimoja dirishani, miwani imeshuka puani, sikubishana. Viwili alivipa nne. Vile nilivyodhani ni safi sana, vitano, alivipa sita na saba.

"Sita?" nilimuuliza kwa kimoja ambacho kilikuwa bado kina harufu ya wino.

"Mgongo umechoka," alisema. "Wewe huoni kwa sababu unakipenda. Mwenye kahawa haoni punje mbovu zake."

Nilicheka. Alianza kuniita mwanangu, nami nikawa namwita baba, jambo ambalo halikuwa jepesi kwangu, kwani baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tuliketi Jumamosi nyingi tukiongea habari za mtu yule wa kiganja kana kwamba ni ndugu yetu aliyekwenda mbali na asiyetuandikia. Tulikuwa na tatizo moja. Toleo la kumi na nane liliishia akiwa amesahau karibu kila kitu. Miguu yake imempeleka mpaka mlango wa nyumba ndogo, mlango unafunguliwa, na anayefungua ni mama yake. Yeye hamjui. Picha ya mwisho ni uso wa mama, na hakuna maneno. Toleo la ishirini, ambalo wote tulikuwa nalo, linaanza akiwa mji mwingine kabisa, na mkononi amefungwa kipande cha kanga. Hakuna anayeeleza kanga hiyo imetoka wapi. La kumi na tisa hatukuwa nalo, na hatukumjua mtu aliyekuwa nalo.

Mwaka 1988 bwana shamba alikwenda semina Bukoba wiki mbili. Aliporudi alipitia shuleni na pikipiki yake hata kabla ya kufika kwake, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alifungua begi, akatoa mfuko wa nailoni, akaulaza mezani kwangu.

Lilikuwa la kumi na tisa. Jalada lilionyesha mtu wetu kwa nyuma, amesimama mbele ya mlango wa buluu. Tayari lilikuwa limezibwa, na kikaratasi kilisomeka tisa.

"Nimelipata kwa mtu anayehama," alisema. "Nililikagua kulekule, nikaliziba kulekule, vumbi la njiani lisiliharibu."

Nikamuuliza kama analiuza. Akasema hawezi kuniuzia mimi, lakini anaweza kubadilishana. Alitaka vitabu vyangu vitano. Vile vile vya sita na saba. Niliwaza labda dakika moja. Tisa kwa sita na saba, na tena toleo lile. Nilijiona napendelewa.

"Nilisome kwanza," nilisema.

"Limezibwa, mwanangu. Ukifungua, daraja linakufa. Kinarudi kuwa karatasi ya kufungia chumvi."

"Sasa nitajuaje kilichomo?"

"Mimi nimekisoma," alisema. "Njoo Jumamosi nikusimulie."

Jumamosi nilimpelekea vile vitano, naye akanisimulia. Tulikaa barazani kwake. Aliongea kama saa nzima, akitazama kahawa yake iliyoanikwa uani. Alisema yule mama alimtambua mwanawe mara moja, na alitambua pia kwamba mwanawe hamtambui. Hakumwambia. Aliogopa kwamba akimwambia atakuwa anampa mgeni mzigo wa mama asiyemjua. Akamkaribisha kama anavyokaribishwa msafiri yeyote, akampa maji ya kunawa na chakula. Akamwomba amsaidie kuezeka banda. Mwana alikaa siku tatu. Siku ya pili alianza kumcheka mama kwa jinsi anavyoongea na mbuzi. Siku ya tatu alisema, "Mama, chakula chako kitamu," na neno mama alilitamka kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote mzima, lakini mama alitoka nje akakaa nyuma ya nyumba. Asubuhi ya kuondoka, mama alichana pindo la kanga yake, akamfunga mkononi, akamwambia, "Kichwa kikisahau, mkono utabaki na hiki."

Nililia pale barazani, mwalimu mzima. Bwana shamba aliniambia ninywe chai.

Dada yangu mkubwa aliugua mwaka uliofuata. Mumewe alikuwa ametangulia, na kila mtu Kagera siku zile alijua kinachofuata baada ya mume kutangulia, ila hatukukitaja. Nilikuwa nikishuka Ndama kila mwisho wa juma. Mama alimpikia, mimi nilimfulia na kumgeuza, na alipokuwa hawezi kulala wala kukaa alitaka nimsimulie kitu. Nilimsimulia masomo, mikutano ya walimu, ugomvi wa majirani. Halafu nikamsimulia habari za mtu wa kiganja tangu toleo la sita, kwa Kinyarwanda, nikitafsiri mwenyewe. Tulipomaliza la kumi na tisa aligeuza uso kunitazama.

"Hakumwambia?" aliuliza.

"Hakumwambia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Alifanya vizuri," dada alisema. Baada ya hapo hakutaka toleo lingine. Kila nilipokwenda alitaka lile lile. Siku tatu, mbuzi, kanga. Akanisahihisha nilipokosea, kwamba ni siku ya pili ndiyo mwana alicheka, si ya tatu.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, aliyekuwa anakaribia miaka sita. Wiki ya mwisho, dada aliniambia nimletee kanga yake ya harusi kutoka sandukuni. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuchana, ikabidi mimi ndiye nichane pindo. Alimfunga mwanawe mkononi mwenyewe, kwa taratibu, fundo likamshinda mara mbili. Akamwambia, "Kichwa kikisahau, mkono utabaki na hiki. Shangazi yako wa hadithi alinisomea kitabuni." Alikuwa akinitania. Mimi si shangazi, ni mama mdogo. Tulicheka wote watatu, mtoto bila kujua kwa nini.

Tulimzika kibanjani. Nilimchukua binti yake nikaishi naye Ihembe, na nilipoolewa nilikwenda naye.

Kile kipande cha kanga kilioza kama nguo yoyote inavyooza. Mtoto alikivaa miaka miwili, kikawa uzi, kikakatika akichota maji. Hakulia sana. Lakini habari yake aliihifadhi. Alijua kwamba mama yake aliitoa kwenye kitabu, na kwamba kitabu hicho kiko ndani ya nyumba, kwenye sanduku, ndani ya nailoni, na hakifunguliwi.

Alipokuwa mdogo hilo lilimtosha. Mwaka 1995, akiwa darasa la tano, akawa anasoma kila kilichoandikwa, mpaka mifuko ya mbolea. Alasiri moja ya Jumapili mume wangu alikuwa ametoka kwenda kunywa lubisi, pombe ya ndizi, kwa jirani. Binti alikuja akaketi karibu nami nikichambua maharage.

"Mama mdogo, nataka kukisoma."

"Kipi?"

"Kile cha mama. Nataka kuona mahali alipotoa yale maneno."

Nilianza kumweleza habari za daraja. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema kwamba kikifunguliwa kitakuwa karatasi tu, na nikamwona anavyonitazama, na nikaona aibu. Miaka saba nimekaa na kitabu kwa ajili ya tarakimu kwenye kikaratasi. Nikainuka, nikatoa sanduku, nikachukua mkasi.

Nilimwachia afungue yeye. Alinawa, akakausha mikono kama nilivyomfundisha. Alikata nailoni juu kabisa, akatoa kitabu, akakilaza mapajani, akafunua jalada.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa mgomba uliokatwa katikati, na mishale inayoonyesha mahali fukusi wanapotoboa. Wa pili ulieleza jinsi ya kuchimba shimo na kutia majivu. Niligeuza kurasa zote mimi mwenyewe, nikizipitisha haraka. Kilikuwa kijitabu cha idara ya kilimo kuhusu wadudu wa migomba, kimekatwa kingo kwa wembe ili kilingane, kimebanwa kwa pini mpya ndani ya jalada la toleo la kumi na tisa. Kazi safi sana. Hata mashimo ya pini yalikuwa yamelingana.

"Iko wapi?" binti aliuliza.

Nilimwambia subiri. Nilikata mifuko mingine yote iliyokuwamo sandukuni, ile ambayo bwana shamba alinizibia zamani, mmoja baada ya mwingine. Vile sita vilivyobaki vilikuwa vyangu vya zamani, na vilikuwa vizima, kila kimoja na hadithi yake. Sikupata nafuu yoyote kwa hilo. Binti alikuwa bado ameshika kile kijitabu, anakisoma kuanzia mwanzo, akidhani labda maneno ya mama yake yamefichwa mahali fulani kati ya fukusi na majivu.

Bwana shamba alikuwa amestaafu, ana duka la pembejeo Omurushaka, karibu na mahali mabasi ya Bukoba yanaposimama. Nilikwenda siku ya pili baada ya kazi, kwa baiskeli. Alikuwa peke yake, anapanga pakiti za mbegu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikaweka kitabu kaunta. Alivaa miwani. Alikitazama kabla hajakigusa, na neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Umefungua."

"Nimefungua."

"Nilikuambia usifungue."

Nikamuuliza, "Kurasa zake ziko wapi?"

"Hazikuwapo. Nilipata jalada tu. Ndani panya walikuwa wamekwisha kula." Alikigeuza akatazama nyuma. "Lakini jalada ni halali. Ile tisa ilikuwa ya jalada."

"Hukuniambia kuwa ni ya jalada."

"Hukuuliza."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anavyomweleza mkulima kwa nini gunia lake limerudishwa. Nilishika ukingo wa kaunta. Nilikuwa nimejiandaa njiani kwa kilomita zote zile kumkuta akikana, au akiomba radhi, na hili sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na hadithi uliyonisimulia, uliisoma wapi?"

"Sikuisoma. Ulitaka nikusimulie. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia ukweli."

"Basi usingebadilishana," alisema. "Mwanangu, zile nakala zako tano zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Ulikuwa unaziweka na majani ya tumbaku. Zingeharibika."

Nilimuuliza ziko wapi. Labda hakufikiri, au labda alikuwa na hamu ya kumwonyesha mtu, maana alikwenda chumba cha nyuma akarudi na mkebe mkubwa wa biskuti. Tatu zilikuwamo. Mbili alikuwa amempa mtu wa Bukoba. Nilizitambua mara moja. Ile yenye harufu ya wino, aliyosema mgongo wake umechoka, ilikuwa kwenye mfuko wake, na kikaratasi chake kilisema tisa. Ya pili tisa. Ya tatu tisa na nusu. Mwandiko ni ule ule, wino ule ule wa buluu. Nilimkumbuka dirishani miaka ile, miwani puani, akihesabu makosa ambayo hayakuwapo. Alikuwa ameanza kunipunja hata kabla hajaliona lile jalada, siku nilipokuwa namwita baba kwa mara ya kwanza au ya pili.

Hapo ndipo nilipomwambia habari za dada. Sikupanga. Nilitaka aumie, nadhani. Nilimwambia kuhusu mwisho wa kila juma, kuhusu siku tatu na mbuzi, kuhusu kanga ya harusi na fundo lililoshindikana. Nilimwambia maneno ya mwisho ambayo dada yangu alimpa mtoto wake yalikuwa maneno yake yeye, mzee, aliyoyatunga barazani ili apate vitabu vitano.

Alivua miwani. Akanipa pole, na nadhani aliimaanisha. Kisha akauliza:

"Aliipenda?"

Uso wake ulichangamka, kidogo tu, kwa muda mfupi, kama uso wa mkulima aliyeambiwa kahawa yake imepita. Nimesahau mengi ya siku ile lakini uso ule sijausahau. Niliinua mkebe wote, nikautia kwenye kikapu cha baiskeli, naye hakunizuia. Aliniita kutoka mlangoni. Nilidhani sasa anaomba msamaha. Alikuwa ananiambia nisizilaze, nizisimamishe.

Mume wangu alisikiliza yote jioni ile, akatikisa kichwa, akasema, "Ni vitabu vya watoto, mke wangu. Mshukuru Mungu hakukuibia shamba." Mama yangu, nilipomweleza Ndama, alisema mzee yule alimfariji dada bila kujua, na tumshukuru. Padre nilimwambia kwa ufupi tu, akanihimiza nisamehe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekosea, na kila mmoja aliniacha peke yangu zaidi kuliko alivyonikuta. Nilichoibiwa hakikuwa na jina ambalo mtu angelielewa ofisini kwa mtendaji wala kanisani. Niliendelea kumwamkia mzee yule barabarani, kwa sababu ni mzee, na aliendelea kuniitikia. Wakulima waliendelea kumpelekea punje zao azitazame hata baada ya kustaafu, na nasikia hakumdanganya hata mmoja.

Binti nilimweleza mapema, siku ile ile niliporudi kutoka Omurushaka. Niliona ni haki yake. Nilimwambia kwamba hadithi ile haikuwamo kitabuni, kwamba ilitungwa na mzee mmoja, nami sikujua, na mama yake hakujua.

Alikuwa anamenya viazi, na aliendelea kumenya.

"Kitabu kilikuwa kwako miaka yote," alisema.

"Ndiyo."

"Na hukukifungua."

"Sikukifungua."

"Ulimwambia mama umekisoma."

Nilitaka kusema sikumwambia hivyo. Lakini nilimwambia. Kitandani kwa dada sikusema nimesimuliwa na bwana shamba. Nilisema, kitabu kinasema hivi, kitabu kinasema vile, na alipouliza kama nina uhakika, nilisema nimesoma kwa macho yangu. Ilikuwa rahisi zaidi kusema hivyo, na wakati ule haikuonekana kuwa uongo.

"Ndiyo," nilisema. "Nilimwambia hivyo."

Hakunigombeza. Alimaliza viazi, akavitia kwenye maji. Vile vitabu tisa vilivyokuwa vimebaki nilivitoa kwenye nailoni zake nikaviweka darasani, wanafunzi wakavisoma mpaka vikaachia majalada, na sikuwazuia. Binti hakuvigusa. Siku hizi ni mtu mzima, ana kazi yake Kayanga na watoto wake wawili. Tunaelewana vizuri. Ila nikianza kuwasimulia wajukuu kitu, chochote, hata habari ya mvua iliyoezua paa la jirani, yeye huinua macho kutoka kwenye shughuli yake na kuniuliza kwa utulivu, bila ukali wowote, kama nimeona mwenyewe au nimeambiwa.